Nairobi ya Mwanzo na Nyumba Zisizokuwa na Ardhi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo tunakusudia kuzungumza juu ya mji ambao karibu kila nyumba ya Pwani ina mtu wake huko: kijana anayesoma, baba anayefanya kazi, au dada aliyeolewa. Mji huo ni Nairobi. Tumezoea kuuita mji wa bara na mji wa serikali, kana kwamba sisi tuliufikia juzi kwa basi la usiku. Historia haisemi hivyo. Watu wa Pwani, na Waislamu kwa jumla, walikuwako tangu siku zake za mwanzo. Walijenga, wakaswali jamaa, wakaozana na wakazikana huko. Lakini wengi wao walichokijenga kwa jasho lao hakikuwafikia wajukuu wao. Sababu yake inafaa kuelezwa kwa utulivu, hasa kwa mama zetu na dada zetu, kwa kuwa sababu hiyo hiyo ingalimo majumbani mwetu hadi leo.

Mji uliozaliwa na reli

Kabla ya mwaka 1899 hapakuwa na mji mahali pale. Palikuwa na uwanda wa majani, mto mdogo na kinamasi, ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha ng'ombe wao. Na upande wa juu, penye misitu, palikuwa na mashamba ya Wakikuyu. Wamasai walipaita Enkare Nairobi, maana yake maji baridi, na jina la mji limetokana na maneno hayo.

Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa mwaka 1896, wakikusudia kulifikia Ziwa la Victoria. Walileta kutoka Bara Hindi vibarua zaidi ya 30,000, wengi wao watu wa Punjab, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi. Takriban 2,500 katika hao walifariki kwa maradhi na ajali, na baadhi yao waliliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Mwishoni mwa Mei 1899 reli ilifika penye maji baridi, yapata kilomita 530 kutoka baharini. Wahandisi walituliza mizigo yao hapo kwa kuwa mbele yao palikuwa na mpando mkali wa kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa, na huo ndio uliokuwa uwanda wa mwisho wenye nafasi ya kuweka karakana, maghala na njia za kupangia mabehewa.

Tazama basi, ndugu msomaji, jinsi mji ulivyochaguliwa. Mombasa, Lamu na Malindi zilikua kwa kuwa palikuwa na bandari, visima vya maji matamu, mashamba ya karibu na watu waliotaka kuishi pamoja. Nairobi ilichaguliwa kwa maslahi ya gari moshi. Hakuna aliyetazama kwanza kama udongo ule mweusi unafaa kujengewa nyumba za watu, wala kama maji ya mvua yana pa kupita. Mvua ziliponyesha, njia ziligeuka matope, na kinamasi kikaleta mbu na homa. Matabibu wa serikali walishauri mji uhamishiwe mahali pa juu zaidi, lakini shauri lilikataliwa kwa sababu ya gharama. Winston Churchill alipoutembelea mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, aliona na kuandika kwamba wakati wa kuuhamisha ulikuwa umekwisha kupita.

Hata hivyo mji ulikua kwa haraka. Mwaka ule ule wa 1899 makao makuu ya reli yalihamishwa kutoka Mombasa, na John Ainsworth, afisa wa serikali wa Ukamba, naye akahamia huko kutoka Machakos. Mwaka 1905 makao ya serikali yenyewe yaliondolewa Mombasa yakapelekwa Nairobi. Hesabu ya mwaka 1906 ilikuta watu wapatao 11,500. Kwa muda wa miaka saba, malisho ya ng'ombe yalikuwa yamegeuka mji mkuu.

Vijiji vya kando

Mji huo uligawanywa tangu mwanzo. Wakubwa wa Kizungu walijenga kilimani, penye upepo mzuri na miti. Wahindi walipewa soko lao karibu na stesheni, wakaishi humo humo nyuma ya maduka yao. Waafrika, ambao ndio waliobeba, waliochimba, waliopika na waliolinda, hawakutengewa mahali pa maana. Mji ulitaka kazi yao mchana, na usiku haukutaka kujua wamelala wapi.

Kwa hivyo wakajijengea wenyewe. Kando ya mji kulizuka vijiji: Pangani, Kijiji cha Mombasa, Maskini, Kaburini, Kileleshwa na vinginevyo. Majina yenyewe yanashuhudia. Pangani ni jina la mji wa kale wa Mrima, na Mombasa haihitaji maelezo. Walioishi humo walikuwa wapagazi wa misafara, askari waliomaliza utumishi, wapishi, mafundi na wachuuzi: Waswahili wa Pwani, Wanyamwezi, Wamanyema, na baadaye Wakikuyu, Wakamba na wengineo waliotoka vijijini mwao kutafuta riziki. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na dini iliyoenea katika vijiji hivyo ilikuwa Uislamu.

Nyumba walizojenga mtu wa Pwani angezitambua mara moja. Kuta zilikuwa za miti na udongo, ukumbi ukipita katikati, vyumba upande huu na huu, na ua nyuma wa kupikia na kufulia. Mahali pa makuti, mapaa mengi yaliezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, na vingine akavipangisha. Mgeni aliyeshuka garini bila jamaa alipata mlango wa kubisha, na akifa alipata wa kumwosha, kumkafini na kumswalia. Kwa watu walioishi mbali na koo zao, hilo halikuwa jambo dogo.

Akina mama wenye nyumba

Hapa kuna habari ambayo haisimuliwi sana. Sehemu kubwa ya wenye nyumba katika vijiji hivyo, na baadaye Pumwani, walikuwa wanawake. Katika miaka ya 1970 watafiti Janet Bujra na Luise White walikaa na bibi wazee wa Nairobi wakaandika waliyoyasikia kwao. Walisimuliwa habari za wanawake waliofika mjini wakiwa pekee yao, wengine wamekimbia njaa, wengine ndoa zenye dhiki, wengine wameachika au wamefiwa. Waliuza vyakula, waliuza pombe, na wengine waliuza kile ambacho dini yetu imekataza kuuzwa. Hatuwezi kulificha hilo na kusema tumeeleza historia. Lakini wengi wao walisilimu, wakatulia, wakaweka akiba shilingi juu ya shilingi, wakajenga nyumba za vyumba vingi. Walio hai hatuna haki ya kuwahukumu waliotangulia. Hesabu yao iko kwa Mola wao, naye ni Mwingi wa kusamehe.

La kuzingatia ni hili. Katika mji uliotawaliwa na wageni, ambamo sheria haikumtazama mwanamke wa Kiafrika ila kama mtu wa kupita njia, wanawake hawa walimiliki nyumba kwa majina yao wenyewe. Walikusanya kodi, waliwalea wageni wa kike kama mabinti zao, na katika dini waliyoingia walikuta kwamba mali ya mwanamke ni yake, haiwi ya mumewe wala ya ndugu zake. Wengi hawakuwa na watoto wa kuwazaa, na nyumba ndiyo iliyokuwa mtoto wao na kinga yao ya uzeeni.

Walikuwa na nyumba, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba hawakuwa nayo.

Tauni, moto na mipaka

Serikali ya Kiingereza ilikwisha kujitangaza kuwa mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902, na ile ya 1915 iliyoifuata, ziliiweka mikononi mwa serikali ardhi ambayo wenyeji hawakuwa na hati zake. Kwa sheria ya 1915, mlowezi wa Kizungu aliweza kupewa shamba kwa mkataba wa miaka 999. Mwenye nyumba wa Kijiji cha Mombasa hakuwa na mkataba hata wa miaka miwili. Alikaa kwa kuachiwa, na aliyeachiwa huweza kuambiwa ondoka.

Sababu ya kuwaambia waondoke aghalabu ilikuwa afya. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na afisa wa tiba aliamuru soko lote litiwe moto. Maduka, nyumba na bidhaa viliteketea. Tauni ilirudi tena katika miaka iliyofuata, na kila iliporudi ilizidisha hoja ya kutenga watu kwa rangi zao. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kutoka Uingereza kuchunguza usafi wa miji, naye akashauri Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa mbalimbali. Ni kweli kwamba vijiji vilikuwa na uchafu. Lakini mji uliokusanya kodi haukuvichimbia mifereji wala haukuvipelekea maji, kisha ukavilaumu kwa kukosa mifereji na maji.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya mji ilitenga mtaa mmoja wa Waafrika mashariki mwa mto, ukaitwa Pumwani. Mapema katika miaka ya 1920 watu wa Maskini, Kaburini na Kijiji cha Mombasa walihamishiwa huko na vijiji vyao vikavunjwa. Walipimiwa viwanja wajenge tena kwa gharama yao, na mtaa huo ukaja kuitwa Majengo. Lakini ardhi ilibaki ya halmashauri ya mji, na mwenye nyumba alilipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Kwa maneno mepesi: nyumba ni yako, mahali iliposimama si pako.

Pangani ilisalia kwa muda, ikiwa kijiji kikubwa kuliko vyote. Kufikia mwaka 1939 nayo ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na watu wake wakaambiwa wahamie Shauri Moyo, mtaa uliojengwa na halmashauri yenyewe. Fikiri hali ya bibi aliyeingia Pangani kijana, akajenga akiwa na nguvu, kisha katika umri wa miaka sitini akawaona wenye mapanga na mitaimbo mlangoni pake. Hakuwa na karatasi ya kumwonyesha hakimu. Alikuwa na mashahidi, lakini wengi wao walikuwa wakivunjiwa kama yeye.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sijui kama msemo huu umewahi kushuhudiwa vizuri zaidi kuliko Pangani ya Nairobi.

Kibra, na kwetu Pwani

Msomaji asidhani kwamba haya yaliwapata wenye vijiji vile peke yao. Askari wa Kinubi, Waislamu waliotoka Sudan na kuitumikia serikali katika jeshi lake, waliwekwa Kibra, jina ambalo kwa lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 eneo lao lilitangazwa rasmi, zaidi ya ekari 4,000. Lakini walipewa vibali vya kukaa na kulima, hawakupewa hati. Mji ulipanuka, eneo likamegwa mwaka hadi mwaka, na mwaka 2017, baada ya karibu miaka mia moja ya kudai, jumuiya yao ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Ekari hizo zilipokelewa kwa furaha na machozi, na yote mawili yalistahili.

Na huku kwetu, mwaka 1908 ilitungwa Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa Pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa alete dai lake na ushahidi wake kwa wakati uliowekwa. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliojua kusoma matangazo na walioweza kumlipa wakili waliandikisha. Walioamini kwamba minazi ya babu yao na makaburi ya jamaa zao ni ushahidi wa kutosha hawakuandikisha. Wajukuu wa hao leo huitwa maskwota juu ya ardhi waliyozaliwa.

Yaliyobakia

Ni haki tutaje pia yaliyosalimika, kwa sababu nayo yana mafunzo. Msikiti wa Jamia, ambao jengo lake la leo lilikamilika mwaka 1933, ungali katikati ya jiji, na Ijumaa hujaa hadi nje. Maduka na majengo makubwa yamebadilika pande zake zote, wenyewe wameuza na kununua, lakini nyumba ile ya ibada haikuhama. Haikujengwa kwa jina la mtu mmoja wa kufa na kurithiwa.

Karibu na hapo ipo Bustani ya Jeevanjee. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi, akaja kuwa mkandarasi wa reli na tajiri mkubwa wa Nairobi ya mwanzo. Mwaka 1906 alitoa bustani hiyo kwa ajili ya watu wote wa mji. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga hapo jengo kubwa la kuegeshea magari. Mjukuu wake, Bi Zarina Patel, aliongoza upinzani, na hoja ilikuwa wazi: mahali hapa palitolewa na mwenyewe kwa umma, si pa kuuzwa. Mpango ulishindwa. Hadi leo vibarua, wahubiri na wasio na kazi hupumzika chini ya miti ile.

Ulinganishe, ndugu yangu, uwanja wa Jeevanjee na nyumba za Pangani. Tofauti yake haikuwa katika uchungu wa kazi wala uzuri wa nia, kwani bibi wa Pangani alihangaika kuliko tajiri. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na ardhi iliyojulikana kuwa yake, akaitoa kwa kusudi lililojulikana, na akabakisha mtu wa kulikumbuka na kulitetea. Wa pili hakuachiwa nafasi hiyo na sheria ya kikoloni. Sisi leo nafasi hiyo tunayo, na tukiipoteza hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.

Tufanye nini

Kwanza, kila familia iulize: nyumba tunayokaa imeandikwa kwa jina la nani? Katika mitaa yetu ya kale, nyumba nyingi zingali kwa jina la babu aliyefariki miaka arubaini iliyopita. Mirathi haikugawanywa kwa kuoneana haya; kila mmoja anaogopa kuambiwa ana tamaa. Baadaye hutokea mmoja wa warithi akauza kwa siri, na shangazi mzee akatolewa nje na vyombo vyake. Kugawa mirathi mapema si tamaa, ni amri. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa Mwenyezi Mungu ametuhimiza kuandika deni la kupita, itakuwaje nyumba ya kudumu?

Pili, fungu la mwanamke katika mirathi limetajwa katika Suratun Nisaa, na halifutwi kwa maneno ya kwamba yeye ameolewa na ana kwake. Hakikisha jina la mama, la dada na la binti limo katika hati kwa kiasi cha haki yake. Dada mwenye kumsamehe kakake fungu lake na asamehe kwa hiari yake, baada ya kulishika mkononi, wala si kwa kusukumwa.

Tatu, mwenye mtoto wa kulea ajue kwamba mtoto huyo harithi kwa sheria yetu, hata kama amemwosha tangu uchanga. Njia hazikufungwa. Unaweza kumpa zawadi ukiwa hai na mwenye afya, ukamkabidhi mbele ya mashahidi; au ukamwusia katika thuluthi ya mali yako kwa maandishi. Mapenzi yaliyobaki moyoni tu hayamtetei mtoto mbele ya kadhi.

Nne, mwenye kutaka kuweka wakfu asitosheke kusema kwa mdomo kwamba kiwanja hiki ni cha msikiti au cha madrasa. Aandike, aeleze mipaka na kusudi, amtaje msimamizi na atakayemfuata, na aipeleke hati hiyo mahali panapotambuliwa na sheria. Wangapi tunawajua ambao sadaka ya baba yao imekuwa duka la mtu?

Wale mabibi wa Nairobi ya mwanzo walijenga wakiwa hawana jamaa, hawana elimu ya kuandika, na wana serikali iliyowapinga. Walitufundisha kwamba mwanamke aweza kusimamisha nyumba kwa akiba yake ndogo. Yaliyowapata yametufundisha lililobaki: nyumba haikamiliki mpaka karatasi yake ikamilike. Juma hili, kabla ya Ijumaa nyingine, fungueni masanduku, mtazame karatasi zilizomo, na mwulize bibi angali hai.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliodhulumiwa, na atujaalie kuwaachia watoto wetu mali ya halali isiyokuwa na ugomvi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.